Siki na chumvi hazifungi kila rangi: dhana potofu kuhusu kusokota na kutia rangi sufu

"Rangi imechuja, na uzi niliuloweka kwenye siki na chumvi usiku kucha!" Malalamiko haya hayaishi, na kila anayelalamika huwa amepewa ushauri huohuo mbovu. Tuanze nao.

Dhana: Siki na chumvi hufunga rangi yoyote kwenye uzi wowote

Hapana. Siki hufanya kazi moja tu, kuyatia maji asidi. Asidi hiyo inahitajiwa na rangi za unga zilizotengenezwa mahususi kwa sufu, yaani rangi za asidi, tena inahitajiwa wakati sufuria iko motoni. Kwa gramu 100 za sufu kavu, gramu 1 ya rangi hutoa rangi ya wastani, na vijiko vikubwa 3 au 4 vya siki vinatosha. Pandisha joto polepole hadi kama nyuzi 85 za Selsiasi, ulishikilie hapo nusu saa. Kisha chota maji kwa kijiko cheupe. Yakiwa maangavu, rangi imeingia yote kwenye sufu. Yakiwa bado yana rangi, ongeza kijiko kimoja cha siki, ngoja dakika 15, uchote tena. Kuuloweka kwenye siki baridi uzi uliokwisha kutiwa rangi ni kuupa harufu tu.

Chumvi ni ya pamba. Huisukuma rangi itoke majini iende kwenye uzi, lakini kwa zile rangi za pamba zisizopikwa kinachofunga ni soda ya kufulia. Na soda hiyo usiisogeze karibu na sufu, kwani huila: uzi hukakamaa, kisha hukatikakatika.

Rangi za mimea zina njia yao, nayo ni shabu (alum), madini meupe kama chumvi ya mawe, inayotangulia rangi. Pima sufu ikiwa kavu. Kwa kila gramu 100, shabu gramu 10 hadi 15. Loweka sufu nusu saa katika maji matupu ili inywe sawasawa. Yeyusha shabu pembeni kwa maji moto, imimine kwenye sufuria ya maji vuguvugu, ndipo uingize sufu. Pandisha joto kwa dakika 45 bila kuruhusu maji yatokote, acha saa nzima, halafu ipoe humohumo. Madini ya alumini yaliyomo kwenye shabu hushika sufu upande mmoja na rangi upande wa pili. Hicho ndicho kifungo chenyewe. Shabu ikizidi, sufu hunata vidoleni. Kwa pamba, shabu peke yake hushika kidogo sana, hadi uzi ulowekwe kwanza kwenye tanini, ule ukakasi unaopatikana kwenye majani ya chai na magome ya miti.

Hata hivyo shabu haifanyi miujiza. Bitiruti hutoa maji mekundu ya kupendeza na kuacha uzi wenye rangi ya vumbi. Manjano, kile kiungo cha jikoni, hung'aa siku ya kwanza, kisha jua huipausha, uwe umetumia shabu au hukutumia. Tafadhali, kabla hujafuma sweta nzima, zungushia uzi kwenye kipande cha kadi, funika nusu, uweke dirishani wiki mbili. Maganda ya vitunguu na nili, rangi ya buluu ya mmea, vitakupa matokeo ya kuaminika zaidi.

Dhana: Maji ya moto ndiyo yanayogandamanisha sufu

Moto peke yake hauna neno. Sufu ina magamba madogo, na hushikamana inapokorogwa, inaposuguliwa na sabuni au inapotolewa kwenye moto ikatumbukizwa kwenye baridi ghafla. Usikoroge; igeuze kwa kuiinua. Mafuta ya sufu mbichi hayatoki kwa maji baridi: tumia nyuzi 60, na uitoe kabla maji hayajapoa, la sivyo mafuta hurudi na kuganda palepale.

Dhana: Uzi unaojikunja umeharibika

Uzi mmoja ambao haujaunganishwa na mwingine, uliotoka sasa hivi kwenye pia ya kusokotea, lazima ujikunje, maana msokoto ungali hai. Kama uliusokota kuelekea kulia, unganisha nyuzi mbili kuelekea kushoto. Shika fungu la uzi huo kwa mikono miwili, liache lining'inie: likitulia kama kikombe bila kujizungusha, limesawazika. Ukifuma kwa uzi mmoja wenye msokoto mkali, kitambaa kitakwenda mshazari, na watu hulaumu sindano bure.

Wengine hutundika fungu bichi na kulifungia uzito ili linyooke. Linanyooka kweli, lakini mnyumbuko wake umefichwa tu. Sweta ikifuliwa mara ya kwanza, uzi unarudi ulivyokuwa na vipimo vyote vinabadilika. Loweka fungu dakika 20 kwenye maji vuguvugu, lipigepige kwenye taulo, litundike bila kitu.

Dhana: Rangi za mimea ni salama, hata sufuria ya kupikia inafaa

Haifai. Tenga sufuria, kijiko na chujio, na usivute unga wa shabu puani.