Injini ya lori shambani, soma hii kabla hujafunga pampu

Wakulima wa mabondeni wanatuuliza sana, nimepata injini ya lori la zamani, silinda sita, bado nzima, niifunge kwenye pampu? Unaweza, ila tuongee kwanza maana nawaona watu wanamalizia mtaji wao hapa.

Anza na maji, injini baadae. Tuseme unataka lita laki 3 kwa saa, na kutoka mtoni mpaka kwenye mfereji, ukijumlisha na msuguano wa bomba, ni mita 15. Kwa pampu ya kawaida kazi hiyo inataka kama nguvu za farasi 27 tu, wakati injini ya lori kubwa inatoa 200 na zaidi. Mtu anasema si ndo vizuri, haitachoka. Hapana jamani, injini ya dizeli ikikosa mzigo inaumwa, silinda hazipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, mengine yanapita kwenye ringi za pistoni yanashuka kwenye oili. Kaangalie pale ekzosi, bomba la moshi, inapoungana na injini, ukikuta majimaji meusi yanavuja, halafu uchomoe dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ukute oili imekuwa nyepesi, inanuka dizeli na imepanda kuliko ulivyoiacha, ndo hiyo. Utaambiwa ringi zimekwisha, utabadilisha, na baada ya msimu zitakufa tena kwa sababu ile ile. Afadhali mjichange majirani mfunge pampu kubwa ya pamoja, au utafute injini ndogo.

Halafu joto. Lori barabarani linapata upepo wa mbele kwenye radieta, shambani limesimama juani masaa 10, kwa hiyo feni iwe nzima na kibanda kiwe wazi pande zote, ukiziba hewa ya moto inarudi kwenye radieta na injini inachemsha. Wapo wanaopitisha maji ya mto humo humo ndani ya injini, naomba muache, tope linaziba njia na kutu inakula. Maji ya injini yazunguke kwenye bomba za shaba zilizozamishwa kwenye tanki ambalo maji ya pampu yanapita, yasichanganyike.

Kubadilisha oili hesabu kwa masaa, kilomita hakuna hapa. Masaa 250 ni sawa na lori kukimbia kilomita 15,000 kwa mwendo wa 60, na ukipiga masaa 10 kila siku unayafikisha ndani ya siku 25! Weka na swichi ya kuzima injini yenyewe presha ya oili ikishuka au joto likipanda, usiku mlinzi anasinzia.

Na ile propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka mzunguko, inayozunguka wazi katikati ya injini na pampu, hiyo ndo inaninyima raha kuliko vyote, kanga ikishikwa ncha tu inamvuta mtu mzima kabla hajapiga kelele. Chomelea kava la bati zito la kuifunika bila kuigusa siku hiyo hiyo unayofunga, hata kabla ya kuweka dizeli.