Je, wajua kwa nini kubana misuli ya nyonga huzuia mkojo kuvuja?

Mwanamke akipiga chafya, akicheka kwa nguvu au akijitwika ndoo ya maji, na matone ya mkojo yakamponyoka kabla hajawahi kuyazuia, mara nyingi hujiambia kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuzaa, hukunja kitambaa ndani ya nguo ya ndani, akanyamaza. Wapo wanaoacha kuhudhuria harusi na vikao kwa kuogopa harufu, na wapo Waislamu wanaolazimika kutawadha upya kwa sababu kikohozi kimoja tu kimewatengua udhu. Ukimya huo unatia uchungu, kwa kuwa tatizo hili katika sura yake ya kawaida lina matibabu yasiyohitaji dawa wala kisu, nayo ni mazoezi ya misuli ambayo mtu anaweza kuyafanya akiwa amelala kitandani au ameketi jikoni. Lakini kubana misuli kunawezaje kuzuia mkojo uliomo ndani ya kibofu?

Jibu liko chini kabisa ya kiwiliwili. Kati ya mfupa wa kinena upande wa mbele na kifandugu upande wa nyuma kuna tabaka la misuli lililotandazwa kama machela, na juu yake huegemea kibofu, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Tabaka hilo huitwa sakafu ya nyonga. Mrija wa mkojo wa mwanamke, ambao una urefu wa sentimita 4 hivi, hupita katikati yake pamoja na uke na njia ya haja kubwa. Tofauti na misuli ya mkono au ya mguu, hii kwa kawaida hailegei yote: mchana kutwa huwa na mkazo mdogo unaoishikilia shingo ya kibofu mahali pake. Mtu akikohoa, shinikizo la tumbo hupanda ghafla na kukisukuma kibofu kuelekea chini. Kwa mwanamke ambaye misuli yake ni imara, sakafu hujikaza papo hapo, ikaunyanyua mrija na kuubana, na shinikizo lile lile la tumbo likaugandamiza mrija juu ya tegemeo hilo. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Ukiukanyaga juu ya sakafu ya saruji, maji hukatika. Ukiukanyaga juu ya tope laini, mpira huzama na maji huendelea kupita. Mwanamke anayevuja wakati wa kukohoa mara nyingi ana kibofu kizima kabisa, ila kilicho chini ya mrija wake kimekuwa tope.

Kinacholegeza misuli hiyo kinajulikana: ujauzito, kuzaa kwa njia ya kawaida, kukoma hedhi, unene, kikohozi cha muda mrefu, na kukosa choo kunakomlazimu mtu kujikamua kila siku.

Wazo la kuirudishia nguvu kwa mazoezi lilipata umaarufu kutokana na daktari wa magonjwa ya wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliyefanya kazi Los Angeles na kuchapisha makala yake maarufu mwaka 1948. Hoja yake ilikuwa nyepesi lakini yenye uzito: msuli wa nyonga ni msuli kama mingine, na ukipewa kazi inayoongezeka kidogo kidogo hunenepa na kupata nguvu. Alitengeneza hata kifaa chenye kipimo cha shinikizo kilichoingizwa ukeni, ili mwanamke aone kwa macho yake mshale ukipanda kila anapobana. Mazoezi hayo bado yanaitwa kwa jina lake.

Ushahidi uliokusanywa tangu hapo si haba. Mwaka 2018 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipitia majaribio 31 yaliyohusisha wanawake 1,817 kutoka nchi 14. Miongoni mwa waliokuwa wakivuja kwa kukohoa au kunyanyua mizigo, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, ikilinganishwa na asilimia 6 ya ambao hawakuyafanya. Kwa tiba isiyo na dawa yoyote, tofauti hiyo ni kubwa mno, na kwa maoni yangu inatosha kabisa kuwa sehemu ya mazungumzo ya kila kliniki ya mama na mtoto.

Ugumu uko katika kuyafanya sawasawa. Mwanamke anatakiwa kubana kana kwamba anazuia hewa isimtoke kwa nyuma na mkojo usimtoke kwa mbele kwa wakati mmoja, mpaka ahisi kitu kikivutwa ndani na kupanda juu, huku akiendelea kupumua na huku tumbo, mapaja na makalio yakibaki yamelegea. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba, baada ya maelezo mafupi ya mdomo, takriban nusu tu ya wanawake 47 waliopimwa walibana ipasavyo, na robo walifanya kinyume kwa namna inayoweza kuzidisha kuvuja. Ndiyo maana inafaa mkunga, muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia ahakikishe kwa kidole kwamba msuli unapanda badala ya kusukumwa chini. Kuukatisha mkojo katikati kunaweza kumsaidia mtu kuutambua msuli mara moja, lakini kusifanywe kuwa zoezi, kwani kunakizoeza kibofu kutojimaliza.

Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza unataka mibano isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Miezi hiyo ina sababu: wiki za mwanzo ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuuamsha msuli, na nyuzi za msuli zenyewe hunenepa baadaye. Hata hivyo, manufaa mengine huja mapema. Watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha mwaka 1998 kwamba wanawake wazee waliofundishwa kubana muda mfupi tu kabla ya kukohoa walipunguza mkojo uliowatoka ndani ya wiki moja tu, muda ambao hautoshi msuli kunenepa. Walichokuwa wamejifunza ni kuwahi.

Mazoezi haya humsaidia pia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, mwanamke anayebanwa ghafla na kushindwa kufika chooni, ambaye huhitaji vilevile kukizoeza kibofu kungoja. Kwa fistula ya uzazi hali ni nyingine kabisa. Mwanamke mwenye fistula mkojo humtoka usiku na mchana bila kikohozi wala chafya, kwa sababu uzazi wa muda mrefu uliokwama umemwachia tundu kati ya kibofu na uke, na tundu haliwezi kuzibwa kwa kubana. Linahitaji upasuaji, ambao hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiufanya bila kumtoza mgonjwa. Lakini hata tundu likishazibwa, baadhi ya wanawake hao huendelea kuvuja wanapokohoa au kuinuka, na hapo ndipo mtaalamu wa fiziotherapia huketi nao kitandani na kuanza kuwafundisha kubana.