Je, wajua kwa nini uzi mmoja wa banjo ni mfupi?

Tazama shingo ya banjo ya nyuzi tano, ala ya muziki inayofanana na gitaa. Nyuzi nne zinafika hadi kichwani, kama za gitaa. Wa tano unaishia njiani: kigingi chake kimechomekwa ubavuni mwa shingo, upande wa kidole gumba. Kwenye gitaa, hapo hukaa uzi mnene kuliko wote. Kwenye banjo hapo ndipo palipo na sauti nyembamba kuliko zote.

Kwa zaidi ya karne moja jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba uzi huo ulibuniwa na Joel Walker Sweeney, Mzungu wa Appomattox, Virginia, aliyezaliwa mwaka 1810. Sweeney ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kwa jina kupiga banjo jukwaani, na jina lake likaenea pamoja na hadithi hiyo. Lakini uzi mfupi ulikuwepo kabla hajazaliwa. Katika mchoro wa rangi za maji uitwao The Old Plantation, uliochorwa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18, watumwa wanacheza ngoma mbele ya vibanda vyao, na mmoja wao amepakata banjo ya kibuyu. Uzi mfupi unaonekana. Kuna ushahidi wa kushika kwa mkono pia: banjo ya kibuyu iliyotoka Suriname katika miaka ya 1770, ikachukuliwa na askari John Gabriel Stedman, bado ipo Leiden, Uholanzi. Ina nyuzi tatu ndefu na mmoja mfupi. Kama Sweeney aliongeza kitu, watafiti wengi huelekea kusema ni uzi wa besi, ule mnene.

Basi mfupi ulitoka wapi? Daniel Laemouahuma Jatta, Mgambia, alisikia banjo akiwa mwanafunzi Marekani miaka ya 1970, akakumbuka akonting aliyoipiga baba yake. Akonting ni ala ya Wajola wa Senegal, Gambia na Guinea-Bissau: kibuyu kilichowambwa ngozi, nyuzi tatu, mmoja mfupi wa gumba. Mwaka 2000 Jatta aliipeleka mbele ya wakusanyaji wa banjo Marekani. Hata hivyo, si sawa kuiita mama pekee wa banjo. Afrika Magharibi ina ala nyingi za jamii hiyo, na shingo bapa yenye vigingi inadhaniwa kutokana na ala za Kizungu. Banjo yenyewe ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliofanywa watumwa Karibi.

Kazi ya uzi huo iko katika mkono wa kulia. Katika upigaji wa kale, ukucha hupiga uzi mrefu kwa kushuka, na papo hapo gumba linatua juu ya uzi mfupi. Mkono unapoinuka, gumba linauachia, nao unalia. Fikiria watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa pili hauangukii pamoja na wa kwanza, unaangukia katika nafasi ulioiacha. Ukucha ni mchi wa kwanza, gumba ni wa pili. Na kwa kuwa gumba linaweza pia kushukia nyuzi ndefu, wimbo wenyewe huanza kukaza sauti mahali ambapo mguu haukanyagi.

Ndiyo tabia hasa ya regitaimu, muziki wa piano uliovuma baada ya mtunzi Scott Joplin kuchapisha "Maple Leaf Rag" huko Sedalia, Missouri, mwaka 1899. Wapo wanaosema piano iliiga banjo. Hoja ina nguvu, ingawa muziki wa gwaride wa bendi za tarumbeta nao ulichangia. Lisilo na shaka ni kwamba wapiga banjo Vess Ossman na Fred Van Eps walirekodi regitaimu kwa banjo mapema sana, maana sauti yake kali ilinaswa vizuri na mashine za wakati ule. Wao walidonoa nyuzi za utumbo wa wanyama kwa ncha za vidole. Mtindo wao unatunzwa tangu 1948 na chama cha American Banjo Fraternity, na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kimeweka maelfu ya rekodi za enzi hiyo kwenye intaneti, bure.

Mtindo wa ukucha na gumba nao ulipata warithi. Aprili 2005 wapiga banjo weusi walikutana Boone, North Carolina. Vijana watatu waliofahamiana hapo, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, wakaenda kujifunza kwa Joe Thompson, mpiga fidla wa Mebane aliyekuwa amepita miaka 80, na wakaunda bendi ya Carolina Chocolate Drops. Giddens hupiga nakala ya banjo ya mwaka 1858. Shingo yake ni laini, haina vile vipande vya chuma vinavyotenga noti kwenye shingo ya gitaa, na sauti yake ni nzito na ya chini, kiasi kwamba pigo la gumba linasikika peke yake hata kwa anayeisikiliza mara ya kwanza.