Betri Moja au Mbili: Hesabu ya Chaji Katika Vepu

Katika kazi yangu ya kupima na kutengeneza betri za lithiamu, swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanaotumia sigara za kielektroniki, yaani vepu, ni kama kifaa cha betri mbili hukaa na chaji mara mbili ya kifaa cha betri moja. Jibu hutegemea zaidi wati anazotumia mvutaji kuliko idadi ya betri. Kwenye wati ndogo, betri ya pili huongeza muda maradufu, kama mtu yeyote angetarajia. Kwenye wati kubwa huongeza zaidi ya maradufu, na sababu zake haziandikwi popote kwenye boksi. Ninazungumzia hapa vifaa vya betri za kutoa na kuweka, si vile vya kutupwa wala vile ambavyo betri yake imefungiwa ndani. Madhara ya nikotini yapo na yanajulikana. Makala hii inahusu umeme tu.

Betri inayotumika katika vifaa vingi vya aina hii huitwa 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikijaa husoma volti 4.2, na wastani wake inapotumika huhesabiwa kuwa volti 3.6. Kwenye ganda lake huandikwa mAh, yaani miliampea-saa, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu mAh peke yake haielezi ni kazi kiasi gani betri inaweza kufanya. Kinachoeleza hilo ni nishati, ambayo hupatikana kwa kuzidisha mAh kwa volti na kugawa kwa 1,000. Betri ya mAh 2,500 ina wati-saa 9, na ya mAh 3,000 ina wati-saa 10.8. Mbili za mAh 3,000 zina wati-saa 21.6, iwe kifaa kimeziunganisha kwa mfululizo, ambapo volti hujumlishwa na kufikia 7.2 huku mAh ikibaki 3,000, au kwa sambamba, ambapo volti hubaki 3.6 na mAh kuwa 6,000. Muuzaji anayesema kifaa chake ni bora kwa kuwa kina mAh 6,000, huku cha jirani yake chenye betri zile zile kikiandikwa 3,000, anauza namna ya kuhesabu tu.

Vifaa vya kisasa vina bodi ya kielektroniki inayohakikisha kwamba wati ulizochagua ndizo zinazofika kwenye koili, yaani waya unaopashwa joto ili kutoa mvuke, betri ikiwa imejaa au imebakiza kidogo. Bodi hiyo haina uchawi. Volti za betri zinaposhuka, hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi ili wati zibaki pale pale, na yenyewe hupoteza sehemu ya umeme njiani. Tuchukulie kwamba ufanisi wake ni asilimia 90. Ili koili ipate wati 15, betri inatakiwa kutoa karibu wati 16.7, ambazo kwa volti 3.6 ni kama ampea 4.6. Hiyo ni kazi nyepesi kwa betri yoyote nzuri. Ili koili ipate wati 60, betri inatakiwa kutoa karibu wati 67, na kwa kuwa chini ya mzigo huo volti zake huwa zimeshashuka hadi 3.5 au chini ya hapo, mkondo unakuwa ampea 19 na huvuka 20 chaji inapokaribia kwisha. Tukigawa kazi hiyo kwa betri mbili, kila moja hubeba ampea 9.5 hivi, na hapa pia hakuna tofauti kati ya mfululizo na sambamba.

Kila betri ina ukinzani wa ndani, yaani yenyewe huuzuia kidogo mkondo unaopita ndani yake. Kwa 18650 iliyotengenezwa kwa ajili ya mkondo mkubwa, miliomu 25 (elfu moja za omu) ni kiwango cha kawaida, na huonekana kidogo mno hadi utakapokumbuka kwamba joto linalozalishwa ndani ya betri ni ukinzani huo ukizidishwa kwa mraba wa mkondo. Kwa ampea 19, betri moja inajipasha kwa wati 9. Kwa ampea 9.5, kila betri inajipasha kwa wati 2.3 hivi, kwa hiyo zote mbili kwa pamoja hazifiki wati 5. Betri ya pili, pamoja na kuongeza nishati kwenye akiba, imekata nusu ya nishati iliyokuwa ikipotea kama joto, na joto linalopata kila betri limebaki robo ya lile la kwanza. Kwenye wati 15 hesabu hiyo hiyo inatoa hasara ya nusu wati tu kwa betri moja, kiasi ambacho hakuna atakayekihisi. Ndiyo maana ninasema wati ndizo zinazoamua.

Hasara ya joto hata hivyo si kubwa kama ile inayotokana na kushuka kwa volti. Ukinzani ule ule, ukipitiwa na ampea 19, hupunguza volti zinazofika kwenye bodi kwa karibu nusu volti. Vifaa vingi vimewekewa kikomo cha volti kama 3.1 hivi, na volti zikiwa chini ya hapo wakati wa kuvuta, kifaa hukataa kufanya kazi na kuonyesha kwamba betri ni dhaifu. Mtu huniletea kifaa cha namna hiyo akilalamika kwamba betri imekufa. Nikiitoa na kuiweka kwenye testa, inasoma volti 3.6 bila wasiwasi wowote. Akiirudisha na kuwasha, alama ya chaji inaonekana tena, anavuta mara moja au mbili, na kifaa kinakataa kama mwanzo. Betri haijaisha, imebakiza karibu robo ya chaji yake, isipokuwa haiwezi kuitoa kwa kasi ambayo wati 60 zinaitaka. Mtumiaji huyo akishusha wati hadi 25, ataendelea kuvuta kwa muda mrefu kwa chaji ile ile aliyodhani imekwisha. Katika kifaa cha betri mbili volti za kila betri hushuka kwa nusu ya kiasi hicho, kwa hiyo kikomo hufikiwa pale ambapo kilichobaki kwenye betri ni kama sehemu moja ya kumi.

Tuyaweke hayo katika mivuto, kwani ndicho kipimo ambacho mvutaji anakielewa. Mvuto wa sekunde 3 kwa wati 60 hutumia wati-saa 0.05 kwenye koili. Betri moja ya mAh 2,500, ukiondoa joto, chaji inayobaki bila kutumika na hasara ya bodi, itatoa karibu mivuto 110. Mbili za aina hiyo hiyo zitatoa kama 270, yaani mara mbili na nusu. Kwa wati 15 mvuto mmoja hutumia wati-saa 0.0125, na hapo betri moja hutoa karibu mivuto 600 na mbili hutoa 1,240, tofauti ambayo ni maradufu na ziada kidogo sana. Haya ni makadirio ya karatasi yanayobadilika kwa umri wa betri na ubora wa bodi, lakini uwiano wake ndio ninaouona mezani.

Kuna faida nyingine ya betri mbili ambayo mimi huipa uzito zaidi kuliko hizo. Watengenezaji wa betri hawawezi kukupa kila kitu katika umbo moja. Betri yenye mAh nyingi kwa kawaida huruhusiwa mkondo mdogo, na yenye kuruhusiwa mkondo mkubwa huwa na mAh chache. Samsung 25R ina mAh 2,500 na inaruhusiwa ampea 20 bila kupumzika, ilhali Samsung 30Q ina mAh 3,000 na kiwango chake ni ampea 15. Panasonic NCR18650B inakaribia mAh 3,400, lakini ampea zake ni chache kiasi kwamba haifai kabisa kwa kazi hii. Mwenye kifaa cha betri moja anayevuta kwa wati 60 hana haki ya kuweka 30Q, kwa kuwa ataitaka itoe ampea ambazo haikutengenezwa kuzitoa. Mwenye kifaa cha betri mbili anaweza kuziweka bila hofu, kwani kila moja inabeba chini ya ampea 10. Kwa hiyo ulinganisho wa haki kwenye wati 60 ni kati ya betri moja ya mAh 2,500 na mbili za mAh 3,000, na hapo hesabu ya mivuto inakaribia mara tatu.

Kilichovuruga ulinganisho huu ni kuja kwa betri ya 21700, yenye kipenyo cha milimita 21 na urefu wa milimita 70. Molicel P42A, kwa mfano, ina mAh 4,200, ambazo ni wati-saa 15 hivi, na mtengenezaji anairuhusu ampea 45. Inakaribia uzito wa gramu 70, wakati 18650 mbili kwa pamoja ni gramu 90 au zaidi. Kwa wati 60 betri moja ya aina hiyo hutoa zaidi ya mivuto 200. Haizifikii 18650 mbili, lakini inazisogelea vya kutosha kiasi kwamba kwa anayevuta kati ya wati 20 na 50 sioni sababu ya kumshauri abebe kifaa cha betri mbili mfukoni. Juu ya wati 70 ushauri wangu unageuka, na juu ya wati 100 hakuna mjadala.

Hesabu zote hizi huanguka ikiwa maandishi ya kwenye betri ni ya uongo. Katika masoko yetu ya vifaa vya umeme, Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, utakuta betri za tochi za umbo la 18650 zimeandikwa mAh 9,800 au zaidi. Hakuna 18650 ya lithiamu inayofika hapo. Hata zilizo bora kabisa hazifiki nusu ya hapo. Mizani ndogo ya jikoni inatosha kukupa wazo, maana 18650 ya kweli huwa na gramu 45 hivi, na nyingi za bandia ni nyepesi kuliko hapo kwa kiasi unachokihisi mkononi. Zinazonitia wasiwasi zaidi ni zile zilizotolewa kwenye betri za laptopu zilizochakaa na kuvishwa ganda jipya. Hizo zilitengenezwa kutoa ampea chache kwa saa nyingi, na zinaweza kuendesha tochi au redio vizuri kwa miaka, lakini ampea 19 si mzigo wake.

Betri mbili huleta wajibu ambao betri moja haina. Zinatakiwa ziwe za aina moja, zimenunuliwa siku moja, zitumike pamoja na kuchajiwa pamoja mpaka mwisho wa maisha yake. Katika muunganiko wa mfululizo mkondo ule ule hupita kote kuwili, kwa hiyo ile dhaifu huisha kwanza huku mwenzake ikiendelea kuulazimisha mkondo kupita ndani yake, na ikifikia hapo huharibika haraka na inaweza kuwa hatari. Katika sambamba, ukiweka iliyojaa pamoja na iliyoisha, iliyojaa humimina mkondo kwa mwenzake bila kizuizi chochote. Kwa anayechanganya betri, kifaa cha betri mbili hukaa na chaji kadiri ile dhaifu inavyoruhusu, na fedha ya betri nzuri inakuwa imepotea. Mimi huandika alama kwa kalamu ya wino usiofutika, A na B, na kuzibadilishana nafasi kila baada ya kuchaji, kwa sababu katika vifaa vingine nafasi moja hufanya kazi zaidi ya nyingine.

Vifaa visivyo na bodi yoyote, ambavyo betri huunganishwa moja kwa moja na koili, siviingizi katika ulinganisho wa muda wa chaji. Koili ya omu 0.2 kwenye betri moja iliyojaa huvuta ampea 21. Kwenye betri mbili za mfululizo huvuta ampea 42, ambazo 18650 nyingi hazikutengenezwa kuzitoa bila kupumzika.

Upo pia umri wa betri zenyewe. Joto na mkondo mkubwa ndivyo vinavyochosha lithiamu, na betri inayotoa ampea 19 kila siku nitaiona imepungukiwa mAh na kuongezeka ukinzani mapema sana kuliko ile inayotoa 9.5. Ukinzani ukiongezeka, ile hali ya kukataa kazi huku chaji ipo huja mapema zaidi kila mwezi. Mwenye betri moja huziba pengo hilo kwa kununua ya akiba na kuibeba, jambo ambalo ni sahihi ilimradi ibebwe ndani ya kikasha chake cha plastiki na isitupwe mfukoni pamoja na funguo na sarafu, ambapo kupiga shoti ni suala la muda tu. Ganda la betri likichanika, hata kwa kovu dogo karibu na ncha chanya, libadilishwe kabla betri haijarudi kwenye kifaa. Kwa anayesafiri kwa ndege, betri za akiba na kifaa chenyewe huingia kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaowekwa chini, na havichajiwi ndani ya ndege. Sharti hilo kuhusu vifaa limekuwapo katika kanuni za kimataifa za usafiri wa anga tangu mwaka 2015. Anayeelekea Uganda au Oman afuatilie kwanza sheria za huko, kwa kuwa Uganda ilipiga marufuku biashara ya vifaa hivi kwa sheria ya mwaka 2015, na Oman nayo haiviruhusu.