Namna ya kumshangilia Mkenya aliye kwenye theluji

Kila michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi inapokaribia, vijana ninaowafundisha mbio ndefu hapa Iten hunijia na swali lile lile: ikiwa tunawashinda walimwengu kwa miguu, kuna ugumu gani kuzifunga mbao kwenye miguu hiyo hiyo na kwenda kushinda kwenye theluji? Siwacheki, kwa sababu swali lao lilikwisha kujaribiwa kwa fedha nyingi. Mwaka 1996 kampuni ya Nike iliwapeleka Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, na mwenzake Henry Bitok nchini Finland wakajifunze skii, na miaka miwili baadaye Boit akawa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo ya baridi, kule Nagano, Japani.

Mbio zake zilikuwa za kilomita 10 kwa mtindo wa asili, yaani ule wa kupiga hatua ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alitumia dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25, akamaliza wa 92, nyuma ya wote waliofika. Watu wa nyumbani wengi waliitazama namba hiyo ya 92 wakacheka, wakasema baridi ndiyo iliyomshinda. Mimi nimeishi Finland misimu miwili nikipaka nta skii za wanamichezo, na ninaweza kusema kwamba baridi ilikuwa na sehemu ndogo sana katika dakika zile 20.

Tuanze na teke. Mkimbiaji huisukuma ardhi hadi mguu unapokuwa umekwisha kupita nyuma ya kiuno, na mwalimu kama mimi humsifu kwa kufanya hivyo. Kwenye skii, ukingoja mpaka hapo umechelewa, kwa kuwa ubao unateleza kurudi nyuma na nguvu yako inapotea bure. Teke la skii hupigwa mapema, mguu ungali chini ya mwili, kwa kuukandamiza ubao kwenye theluji kwa kitambo kifupi mno, kisha uzito wote huhamia kwenye ubao wa pili na mtu akateleza kwa mguu mmoja bila kuyumba. Mikono nayo husukuma kwa fimbo mwendo wote, ilhali mikono ya wakimbiaji wetu ni myembamba kwa sababu hatujawahi kuihitaji iwe minene. Zaidi ya hayo, Boit alikuwa mtu wa mita 800, mwenye mwili uliozoeshwa kazi isiyofika dakika mbili.

Kisha kuna nta, na hapa mtanivumilia, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Skii ya mtindo huu imepinda katikati kama upinde. Nta ya kunata hupakwa kwenye sehemu hiyo ya katikati tu, chini ya kiatu. Mtu anapokandamiza, upinde hulala, chembe za theluji hujichoma ndani ya nta, na ubao hushika. Anapoachilia, upinde huinuka, nta huachana na theluji, na ubao huteleza kwa ncha zake mbili. Ikiwa kuna baridi kali na theluji ni kavu, kazi ni rahisi: unapaka nta ngumu kutoka kwenye kikopo, unaisugua kwa kipande cha koki hadi ing'ae, basi. Lakini halijoto ikikaribia sifuri na theluji ikiwa inaanguka, nta laini hung'ang'ania chembe zisitoke, na baada ya mita chache mtu amebeba bonge la theluji chini ya kila mguu. Ukipaka ngumu, anateleza kurudi nyuma kwenye kila kilima. Nimewahi kusugua jozi moja mara tano asubuhi moja, vidole vimeganda kwa gundi ile inayotumika theluji ikiwa majimaji, na bado nikakosea. Siku ya Nagano theluji ilikuwa nzito na yenye maji, na Boit alianguka mara kadhaa. Timu kubwa huja na mafundi wengi na makumi ya jozi za skii. Mtu aliyejifunza mchezo kwa miaka miwili hana utajiri huo, wala hana mazoea ya kuitambua theluji kwa kuikanyaga tu.

Jambo lingine ni saa. Katika mbio kama zile, washiriki huanza mmoja mmoja kwa kupishana kwa sekunde 30, kwa hiyo anayeonekana mbele anaweza kuwa nyuma na anayeonekana nyuma akawa anaongoza. Macho hayakusaidii, kinachosaidia ni nyakati zinazochukuliwa njiani. Dæhlie alilijua hilo kuliko sisi sote. Alibaki kwenye mstari wa kumalizia baada ya ushindi wake, sherehe ya washindi ikacheleweshwa, mpaka Boit alipofika, wakakumbatiana. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Saa hiyo ndiyo iliyonigombanisha na watu wanaouza matangazo ya michezo kwenye intaneti. Mwaka 2018, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kuhamia Austria akiwa na umri wa miaka mitatu, alishiriki mbio za Super-G, yaani za kushuka mlima kwa kasi kwa skii ukipita kati ya milingoti, kule PyeongChang, Korea Kusini, akiwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo ya baridi. Nililipia huduma moja kwa mwezi mzima, nikawaita majirani, mama akachemsha chai. Vigogo walipokwisha kushuka, Sabrina akiwa bado, picha ikahamia studio, watu wenye suti wakaanza kuchambua ushindi. Nilipoandika kulalamika nilijibiwa kwamba wananishukuru kwa maoni yangu.

Waliojiamini mapema hivyo hawakuwa peke yao. Siku hiyo hiyo televisheni moja ya Marekani ilikwisha kumtangaza Anna Veith wa Austria kuwa mshindi na kuhamia mchezo mwingine, wakati Ester Ledecká wa Czechia, aliyeanza wa 26, hajashuka. Ledecká alimshinda Veith kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Sabrina tulimfuatilia kwenye jedwali la matokeo katika simu yangu, ambalo halikudai hata shilingi. Jina lake lilikuwa chini kabisa, likimeta. Ukatokea wakati wa kituo cha kwanza, kisha wa cha pili, na mzee mmoja jirani, ambaye hajawahi kuona theluji, akaanza kuziambia tarakimu, "Kazana, binti! Kazana!" Jina likapanda na kutulia kwenye mstari wake, na washiriki wote walipokwisha kushuka, lilikuwa la 38. Chai ilikuwa imepoa. Usajili ule sikuuhuisha tena, na jedwali lile bado ninalitumia.