Sufuria Mbili za Wahamaji: Kok-boru na Toguz Korgool

Kila inapofanyika Michezo ya Dunia ya Wahamaji, picha zinazosambaa ni za farasi na tai. Si ajabu, kwa maana mpanda farasi anayening'inia ubavuni mwa farasi wake katikati ya vumbi, akiokota mzoga wa mbuzi kwa mkono mmoja, ni mtu wa kutazamwa. Mimi ni mwalimu wa bao, na kilichonivuta ni kitu kingine: katika Michezo hiyo hiyo kuna watu wanaoketi wawili wawili mbele ya ubao wenye mashimo, wakisambaza kete kimya kimya, nao hushindania medali kama wenzao wa uwanjani.

Wahamaji wanaotajwa hapa ni wafugaji wa kuhamahama wa nyika na milima ya Asia ya Kati, waliofuata malisho kwa majira pamoja na kondoo, farasi na mahema yao. Kirgizistani ndiyo iliyoanzisha Michezo hii, ikaiandaa mara tatu, mwaka 2014, 2016 na 2018, katika mji wa Cholpon-Ata ulio kando ya ziwa Issyk-Kul. Ya nne ilifanyika Iznik, nchini Uturuki, mwaka 2022, na ya tano Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, mwezi Septemba 2024. Humo mna mieleka ya aina nyingi, kulenga shabaha kwa upinde, mbio ndefu za farasi na uwindaji kwa tai waliofunzwa.

Mchezo unaovuta watu wengi zaidi ni kok-boru, ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2017 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Timu mbili za wapanda farasi, wanne wanne uwanjani, hunyang'anyana mzoga wa mbuzi wenye uzito wa kilo 30 na zaidi, na bao hupatikana mzoga unapotumbukizwa katika goli la duara lililoinuliwa kutoka ardhini, liitwalo tai kazan. Kazan ni sufuria kubwa ya kupikia. Zamani wapanda farasi wengi walijitosa kwa pamoja, kila mmoja akipigania nafsi yake. Timu, vipindi na vipimo vya uwanja vimekuja na mashindano rasmi, na siku hizi baadhi ya mashindano hutumia mfano wa mbuzi uliotengenezwa badala ya mzoga wenyewe.

Sufuria hiyo hiyo iko pia kwenye ubao. Mchezo wa mezani wa Wakirgizi huitwa toguz korgool, na Wakazaki huuita togyzqumalaq. Toguz ni tisa, na korgool ni vidonge vya mavi ya kondoo, kitu ambacho mchungaji hakikosi popote alipo. Kila mchezaji ana mashimo tisa katika mstari mmoja, kila shimo lina kete tisa, na kila mmoja ana kazan yake ya kuwekea kete alizokula. Kete zote ni 162. Nilipomwomba seremala anichongee ubao wa namna hiyo, komwe za mabao mawili hazikutosha, kwa kuwa bao letu lina kete 64 tu. Ilibidi nichote na za bao la tatu.

Mchezaji huchota kete zote za shimo lake moja, huacha ya kwanza katika shimo lile lile alilochota, kisha husambaza zilizobaki moja moja kinyume cha mwendo wa saa, na shimo lenye kete moja tu humpa kete hiyo ya kusogeza mbele. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mpinzani na kulifanya liwe na idadi shufwa, zote huliwa. Chukua hatua ya kwanza kabisa ya mchezo: ukichota shimo lako la saba, kete ya tisa itafika shimo la sita la mpinzani, ambalo sasa litakuwa na kete kumi, nawe umeanza kwa kuzitia kumi katika kazan yako. Ushindi ni kufikisha 82. Wakigawana 81 kwa 81, ni sare.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ile ya tuz, yaani chumvi. Kete yako ya mwisho ikilifikisha shimo la mpinzani kwenye kete tatu, shimo hilo linakuwa lako mpaka mwisho, na kila kete inayotua humo, hata akiitia mwenyewe, huishia katika kazan yako. Tuz ni moja tu kwa kila mchezaji, haiwezi kuwekwa katika shimo la tisa, wala katika shimo lenye namba sawa na tuz ya mwenzako.

Mchezaji wa bao akikaa mbele ya ubao huu mkono wake humsaliti. Katika bao kete ya mwisho ikikuta shimo lenye kete, unachota na kuendelea, hapa unasimama. Katika bao kete zilizoliwa hurudi mchezoni upande wa aliyezila. Hapa zinaondoka kabisa, kwa hiyo mchezo unakuwa hesabu ndefu ya shufwa na witiri, inayoweza kuandikwa hatua kwa hatua kama sataranji.

Kuandikika huko ndiko kulikoupeleka mbali. Mwaka 2020 UNESCO iliuorodhesha pamoja na mangala, mchezo wa Kituruki wa jamii hiyo hiyo, na huko Cholpon-Ata mwaka 2018 michezo hiyo miwili ilichezwa pamoja na oware, mchezo wa Afrika Magharibi. Naamini bao lina kina cha kutosha kukaa meza hiyo. Lakini nimewahi kuona pambano likivunjika kwa sababu wachezaji wawili, kila mmoja na kanuni za kwao, hawakukubaliana ni lini mtu anaruhusiwa kuivunja nyumba yake, yaani kuchota na kusambaza kete za lile shimo maalumu la upande wake wa bao, na waamuzi hawakuwa na karatasi yoyote ya kufungua. Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya mazoezi, mimi na wanafunzi wangu tunaandika kanuni ya nyumba kama inavyochezwa katika kila baraza tunalolitembelea.