Pembetatu isiyofunga

Watoto sita wa kundi langu la Jumamosi, wa darasa la tano mpaka la saba, wametumia wiki tatu kuchora pembetatu moja kwa roboti ndogo. Wiki ya pili mama mmoja alikuja kumchukua binti yake, akasimama mlangoni akiangalia roboti inavyohangaika sakafuni, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, hiyo pembetatu si wangeichora kwa rula mara moja tu?" Siku ile sikuwa na nafasi ya kumjibu vizuri. Namjibu hapa, kwa sababu ndani ya pembetatu ile mna karibu kila kitu ninachokiamini kuhusu kufundisha hisabati kwa mikono.

Siku ya kwanza hatuwashi kompyuta. Mtoto mmoja anakuwa roboti: tunamfunga kitambaa machoni, tunampa kipande cha chaki, na wenzake wanamwongoza kwa amri mbili tu, mbele hatua kadhaa na kulia nyuzi kadhaa. Haruhusiwi kukisia wala kusaidia. Mraba hauwasumbui: mbele, kulia nyuzi 90, mara nne. Ndipo nikawaambia wachore pembetatu sawa. Wote walijua kwamba kila pembe yake ina nyuzi 60, maana wameimba hivyo darasani. Wakaamuru: mbele, kulia 60, mbele, kulia 60, mbele. Mwenzao alipofunguliwa macho, alikuwa amesimama upande wa pili wa chumba na mchoro wake uko wazi kama bakuli. Wakamwambia aendelee vilevile. Baada ya hatua nyingine tatu alirudi alikoanzia, na chini palikuwa na pembesita.

Huwa sisemi neno hapo, na kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Nilimsubiri mmoja wao anyooshe mkono mbele, ageuke polepole, na aone kwamba nyuzi 60 ni pembe inayobaki ndani ya umbo, ilhali mwendaji anageuka kwa pembe ya nje, ambayo ni 180 kutoa 60, yaani 120. Aliyeiona alipiga kelele. Kisha wakagundua jingine wenyewe: ukizunguka umbo lolote la namna hii hadi ukarudi ulikoanzia ukitazama ulikokuwa ukitazama, umegeuka nyuzi 360 kamili. Pembetatu ni 360 kwa 3, mraba 360 kwa 4, pembetano 360 kwa 5. Katika kitabu chao hizo zilikuwa kanuni tatu za kukariri.

Njia hii si yangu. Mwaka 1967, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyekuwa amefanya kazi Geneva na mwanasaikolojia Jean Piaget, alishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon kutengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye Logo ikapewa roboti ya sakafuni iliyoitwa kobe, yenye kalamu tumboni. Papert alitaka mtoto aielewe jometri kwa mwili wake kwanza, kwa kujiweka mahali pa kobe. Kila ninapofunga kitambaa kile machoni mwa mtoto, ninafuata nyayo zake.

Siku hizi amri tunaziandika kwanza kwa Scratch, lugha ya kompyuta ya watoto iliyotoka MIT, chuo kikuu cha hukohuko Cambridge, mwaka 2007. Inaonyesha maneno yake kwa Kiswahili, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Kwenye kioo cha kompyuta pembetatu ya nyuzi 120 ilifunga bila kasoro, mara ya kwanza tu. Wengi huishia hapo. Mimi naona hapo ndipo somo linapoanza, kwa sababu kioo hakina msuguano, wala betri inayochoka.

Roboti yetu ni kipande cha plaiwudi, mota mbili ndogo za njano, magurudumu mawili, kigurudumu kidogo cha kuegemea, na Arduino, kibao cha kielektroniki kinachopokea amri, kama ubongo. Mwanzoni watoto waliiamuru kwa muda: endesha sekunde mbili, geuka sekunde moja. Asubuhi ilitii. Kufikia saa sita betri zilikuwa zimepungua nguvu, na sekunde zilezile mbili zikawa zinaifikisha karibu zaidi. Tukaacha saa, tukaanza kuhesabu mizunguko. Kwenye ekseli ya kila gurudumu tulifunga diski ya plastiki yenye matundu 20, na sensa ya mwanga inahesabu matundu yanavyopita. Gurudumu likizunguka mara moja, sensa imehesabu 20.

Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 6.5. Kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya tairi jingine ni sentimita 13. Roboti ikigeuka papo hapo, gurudumu la kushoto likienda mbele na la kulia likirudi nyuma, kila moja linapita juu ya duara lenye kipenyo cha sentimita 13. Wakaandika mzingo wa duara hilo kwa pai, wakaugawa kwa mzingo wa gurudumu, nao pia kwa pai. Pai ikafutika juu na chini. Likabaki 13 kwa 6.5, yaani 2. Kumbe roboti ikijigeuza duara zima, kila gurudumu linazunguka mara mbili kamili. Matundu 40 ni nyuzi 360.

Robo ya 40 ni 10, na mraba ukatoka safi kadiri sakafu ya saruji ilivyoruhusu. Theluthi ya 40 ni 13 na theluthi. Hakuna theluthi ya tundu.

Hapo ndipo mama yule alipotukuta. Waliweka 13, na roboti ikawa inageuka nyuzi 117 badala ya 120. Kila upande ulikuwa mizunguko miwili ya gurudumu, kama sentimita 41, na mwisho wa mstari wa tatu kalamu ilisimama karibu sentimita 4 kutoka mahali ilipoanzia. Binti yake, ambaye darasani hupata alama za chini katika hesabu za sehemu, akasema: "Tugeuze 13, halafu 13, halafu 14. Jumla 40." Hilo ni wazo la mtu mwenye akili ya hesabu, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Wakajaribu. Roboti ilimaliza ikitazama kulekule ilikoanza, lakini pengo lilibaki lilelile. Walibishana sana hadi mmoja akaona kwamba kugeuka kwa tatu hutokea baada ya mstari wa mwisho kwisha kuchorwa, kwa hiyo hakuwezi kuliziba.

Nilidhani wataniomba diski yenye matundu mengi zaidi. Badala yake binti yule akauliza kama ile plaiwudi ni lazima iwe na upana ule. Akaweka rula, akahesabu: kipenyo cha gurudumu mara tatu ni 19.5. Magurudumu yakikaa umbali wa sentimita 19.5, duara zima litachukua mizunguko mitatu, yaani matundu 60, na theluthi ya 60 ni 20. Roboti ingegeuka nyuzi 120 kwa mzunguko mmoja kamili wa gurudumu.

Wiki ya tatu tulikata plaiwudi mpya. Kwa sababu hiyo siwashauri wazazi na walimu waanze na roboti ya dukani iliyokwisha kutobolewa na kupangwa. Mle ndani mtu mwingine ameshachagua upana, na hesabu nzuri kuliko zote amezifanya yeye. Ubao unaokatika kwa msumeno unamwachia mtoto haki ya kubadili swali. Ninyi mnaofundisha, angalieni pia mikono: katika kila kundi yupo anayeng'ang'ania kipanya na yupo anayeachiwa kushika gundi. Mimi nabadilisha zamu kila baada ya dakika kumi, kwa saa ya ukutani.

Pembetatu ilifunga saa tano kasoro. Kalamu iligusa mwanzo wa mstari wake, ikapita kidogo kwa unene wa wino. Kisha, bila kuambiwa, wakaanza kugawanya 60: mraba 15, pembetano 12, pembesita 10. Nikawaambia kwamba Wababeli wa kale walihesabu kwa sitini, na kwamba dakika 60 za saa ile ya ukutani zinatoka huko.

"Na pembesaba?" akauliza mdogo wao.

60 kwa 7 ni 8, inabaki 4. Tayari wameomba plaiwudi nyingine, na safari hii wanataka magurudumu yakae umbali wa sentimita 22.75.